Mawe ya Akwariamu: Mteja Ananunua Uhakika, Picha Ni ya Kumvuta Tu

Leo tuongelee bidhaa ambayo wengi wetu tunaikanyaga kila siku: mawe ya kupamba matangi ya samaki ya kioo, yaani akwariamu.

Mimi niko Tura, mkoani Tabora, kwenye reli ya kati. Nina duka dogo, na mawe nayauza kwa simu. Huku Unyamwezi graniti ipo ya kumwaga. Tatizo ni kwamba mteja wa Dar au Mwanza hawezi kulishika jiwe lako, anaona picha tu. Na ubaya wa jiwe hauonekani kwenye picha, unaonekana baadaye samaki wakianza kudhoofika. Hapo umempoteza yeye na wenzake wote atakaowasimulia. Kwa hiyo fanya hivi:

1. Jaribu kila jiwe kwa siki
Osha jiwe, liache likauke, kwangua sehemu ndogo kwa msumari, dondoshea siki. Angalia kwa karibu. Likitoa povu au vipovu vidogo, lina chokaa. Graniti na lile jiwe jeupe gumu la kwatzi havitoi kitu, na havibadilishi maji.

Jiwe la chokaa siyo lazima ulitupe. Linayeyuka kidogo kidogo na kufanya maji yawe magumu. Samaki wa Ziwa Tanganyika wamezoea maji magumu yenye pH karibu na 9, kwa hiyo anayewafuga linamfaa. Ila samaki wa maji laini, kama tetra wa mto Amazon, litawasumbua. Andika kwenye tangazo: "lina chokaa" au "halina chokaa". Maneno mawili tu, na mteja anakuamini.

2. Mengine yaache hukohuko
Jiwe la moramu linalomeguka na kuachia rangi nyekundu, acha. Lenye vimeta vya chuma au kutu, acha. Lililookotwa gereji lenye oili, acha. Mawe ya mabaki ya machimbo ya dhahabu usiguse kabisa, wachimbaji wadogo wanatumia zebaki. Na matumbawe yabaki baharini.

3. Safisha bila sabuni
Brashi ngumu na maji vinatosha. Halafu loweka siku kadhaa huku ukibadilisha maji. Usilichemshe wala kulitia motoni: maji yaliyojificha ndani yanageuka mvuke na jiwe linaweza kupasuka usoni kwako.

4. Uza seti, siyo jiwe mojamoja
Takashi Amano, Mjapani aliyefariki 2015, ndiye aliyeupa umaarufu mtindo wa tangi la mawe na mimea unaoitwa iwagumi. Kanuni yake ni rahisi: mawe yawe 3, 5 au 7, ya aina moja na rangi moja. Moja liwe kubwa kuliko yote, na lisikae katikati, likae kama theluthi ya tangi kutoka upande mmoja. Mengine yaelekee kama lilivyoelekea lile kubwa.

Chora chini mstatili wa sentimita 60 kwa 30, mwaga mchanga, panga seti, piga picha. Mteja anaona tangi lake, siyo rundo la kokoto.

5. Pima kilo kabla ya kutaja bei
Burton, Mwingereza aliyepita hapa na msafara mwaka 1857, alieleza kwamba jina Tura maana yake ni kutua mzigo. Basi na wewe usisahau kuwa unauza mzigo. Ukitaja bei moja "pamoja na usafiri" bila mizani, faida yote inaishia kwa basi. Taja bei ya mawe peke yake, na nauli peke yake.

Uzito unamsaidia na mteja. Lita moja ya graniti ina kama kilo 2.6. Seti ya kilo 13 inachukua nafasi ya lita 5 za maji. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 36 linabeba karibu lita 65, kwa hiyo linabaki na 60. Akiweka dawa ya samaki, apige hesabu kwa 60.

Kufunga: kila jiwe na gazeti lake, kisha gunia, kisha boksi. Gawa maboksi madogo, maana boksi zito sana mpakizi analitupa.

6. Tuma na maelekezo
Jiwe kubwa likae chini kabla ya kumwaga mchanga, juu ya kipande chembamba cha sponji au plastiki. Likikaa juu ya mchanga, samaki wanaochimba wanalidondosha, na kioo kinapasuka. Lisiegemee kioo pia.

7. Omba ruhusa
Kwenye Sheria ya Madini ya 2010, mawe yanahesabiwa kama madini ya ujenzi. Kabla hujachukua ya kuuza, uliza ofisi ya kijiji na ofisi ya madini ya mkoa, na mwenye shamba pia. Vilima vingine ni vya matambiko. Wazee wakisema acha, acha.

Ukiwa na mawe mlangoni, anza na chupa ya siki na mizani. Picha ije baadaye.