Kupaka Rangi Kalipa za Breki Nyumbani

Kalipa ni kipande cha chuma kinachoikumbatia diski ya breki nyuma ya rimu. Ndani yake mna pistoni moja au zaidi. Dereva anapokanyaga pedeli, mafuta ya breki huisukuma pistoni, pistoni huisukuma pedi, na pedi mbili huibana diski huku na huku hadi gari lipunguze mwendo. Enzi za rimu za chuma zilizovalishwa vifuniko, kifaa hiki kilikaa kimejificha na hakuna aliyejali sura yake. Rimu za aloi zenye nafasi pana ndizo zilizokitoa hadharani, na watengenezaji wa magari wakakigeuza kuwa alama: Porsche ilizipa rangi ya njano kalipa zinazofanya kazi na diski za kauri, Mitsubishi Lancer Evolution ikajulikana kwa kalipa nyekundu za Brembo ya Italia, na Subaru Impreza WRX STI kwa zile za rangi ya dhahabu. Mwenye gari la kawaida huzitazama zake, zimefubaa na kuota kutu, akatamani.

Kutu hiyo ina sababu. Kalipa za magari mengi ni za chuma cha kusubu, ambacho hushika kutu upesi kikikosa kinga. Za alumini hazioti kutu nyekundu, ila huvimba unga mweupe. Magari yaliyotumika Japani, hasa katika mikoa ya theluji kama Hokkaido, huweza kufika Afrika Mashariki yakiwa yameshaanza kuliwa, maana barabara za huko hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Gari likiishi baadaye Tanga, Mombasa au Unguja, upepo wa bahari huiendeleza kazi hiyo. Rangi nzuri huzuia unyevu usifike kwenye chuma na huifanya kalipa ioshike kwa urahisi. Faida yake inaishia hapo. Haifupishi hata hatua moja ya umbali wa kusimama, na gari lenye pedi zilizokwisha nyuma ya kalipa nyekundu ni hatari zaidi kuliko lenye kalipa chakavu, kwa kuwa linampa mnunuzi picha isiyo ya kweli.

Si kila rangi inafaa, na sababu kuu ni joto. Breki hufanya kazi kwa kugeuza mwendo kuwa joto. Gari la kilo 1,300 likisimamishwa kutoka kilomita 100 kwa saa huzalisha joto la takriban kilojuli 500, linalotosha kuchemsha kama lita moja na nusu ya maji, na sehemu kubwa ya joto hilo huingia kwenye diski. Katika mteremko mrefu kama wa Kitonga mkoani Iringa, au ule wa kushukia Mai Mahiu nchini Kenya, joto huongezeka kila breki inapokanyagwa kabla lile la awali halijaondoka. Diski huweza kupita nyuzi 400 za Selsiasi. Kalipa hupokea sehemu ndogo tu kupitia pedi na pistoni, lakini kuvuka nyuzi 100 kwake ni jambo la kawaida, na ikitumiwa vibaya hukaribia 200. Rangi ya mafuta ya milango na madirisha hugeuka kahawia katika joto hilo, ikavimba malengelenge na kubanduka.

Inayotakiwa ni rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya kalipa. Ipo ya kopo la kupuliza, na ipo ya sehemu mbili, yaani rangi na kikaushio chake, ambazo huchanganywa na kupakwa kwa brashi kabla mchanganyiko haujaganda koponi. Rangi ya injini nayo hufaa, kwa kuwa kwa kawaida huvumilia hadi karibu nyuzi 260. Wengi hukimbilia rangi ya bomba la moshi kwa sababu kopo lake limeandikwa nyuzi 600 au zaidi, wakidhani namba kubwa ndiyo bora. Rangi za namna hiyo huhitaji kuchomwa kwa joto kali ndipo zikomae, na kalipa ya gari la mjini haifiki huko. Matokeo yake ni ngozi laini inayokwaruzika kwa ukucha. Rangi ya unga inayookwa kwenye tanuri kwa nyuzi 180 hadi 200 ni imara kuliko zote, lakini kalipa lazima ivuliwe pistoni na sili zake zote kwanza. Hiyo si kazi ya nyumbani.

Adui wa pili wa rangi yumo ndani ya kalipa yenyewe. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4, ambayo ndiyo yamo katika magari karibu yote ya barabarani, yana asili ya glikoli na huyeyusha rangi nyingi. Kwa sababu hiyo rangi ya sehemu mbili, ambayo hushikana kikemia na kuwa ngumu, hudumu kuliko ya kupuliza inayokauka tu kwa kimiminika chake kuruka hewani.

Kabla ya kuanza lazima iamuliwe kama kalipa itapakwa ikiwa mahali pake au itafunguliwa. Kufungua mpira wa breki, yaani bomba linaloleta mafuta kwenye kalipa, huingiza hewa kwenye mfumo. Hewa hubonyea, mafuta hayabonyei. Pedeli huzama, na gari halisimami ipasavyo mpaka upepo utolewe kwa utaratibu wake. Asiye na ujuzi wa kutoa upepo asiuguse mpira huo. Kalipa inaweza kusafishwa na kupakwa vizuri ikiwa imefungwa mahali pake, ama ikafunguliwa bolti zake tu na kufungwa kwa waya kwenye springi ya gari. Isiachwe ining'inie kwa mpira wake, kwani mpira huo hupasuka kwa ndani bila kuonyesha alama nje. Kalipa ikiwa nje ya diski, pedeli isikanyagwe kabisa, maana pistoni hutoka yote na mafuta kumwagika.

Gari huegeshwa mahali tambarare na pagumu, magurudumu yanayobaki chini yakawekewa kabari mbele na nyuma. Breki ya mkono katika magari mengi hushika magurudumu ya nyuma tu. Yakinyanyuliwa hayo, haishiki kitu. Nati za gurudumu hulegezwa kidogo kabla ya kupiga jeki. Baada ya kunyanyua, gari hukalishwa juu ya stendi imara, kwa kuwa jeki ni ya kunyanyulia na haikuundwa kubeba gari wakati mtu anafanya kazi chini yake. Mawe na matofali hupasuka ghafla chini ya uzito na hayafai kamwe. Gurudumu lililotolewa hulazwa chini ya ubavu wa gari kama kinga ya ziada, na kazi hufanywa gurudumu moja baada ya jingine.

Usafishaji ndio unaokula muda mwingi, nao ndio unaoamua kama rangi itakaa miaka au itabanduka msimu wa mvua. Vumbi jeusi lililojaa kwenye kalipa lisipulizwe kwa kompresa wala kwa mdomo. Pedi za zamani, na baadhi ya zile za bei rahisi ambazo hazijulikani zilikotoka, huweza kuwa na asbesto, ambayo nyuzi zake zikivutwa hubaki kwenye mapafu na kusababisha saratani baada ya miaka mingi. Vumbi hulowanishwa kwanza kwa maji ya sabuni, kisha likafutwa kwa kitambaa cha kutupwa. Barakoa na glavu ni za lazima. Baada ya hapo kutu iliyolegea huondolewa kwa brashi ya waya, na msasa wa namba 80 au 120 hutumika kuukwaruza uso mpaka chuma kigumu kionekane na rangi ya zamani iliyobaki ipoteze mng'ao.

Mafuta na grisi huondolewa kwa dawa ya kusafishia breki. Gereji nyingi hutumia petroli au dizeli, na desturi hii inastahili kukomeshwa. Mbali na hatari ya moto, sili na vifuko vya mpira vya breki hutengenezwa kwa aina ya mpira iitwayo EPDM, ambayo huelewana na mafuta ya breki lakini huvimba na kulegea ikiguswa na mafuta ya jamii ya petroli. Sili iliyovimba huing'ang'aniza pistoni: breki hubana bila kuachia, au huanza kuvuja. Dawa yenyewe hunyunyiziwa kitambaani, kisha kitambaa ndicho kipite juu ya kalipa, badala ya kuimwagia mipira moja kwa moja.

Kalipa ikishakuwa safi huonyesha mambo yaliyokuwa yamefichwa na uchafu, na hapa ndipo kazi hii inapopata thamani ambayo rangi peke yake haina. Pedi iliyobakiza chini ya milimita 3 hubadilishwa. Kifuko cha mpira cha pistoni kilichochanika huruhusu maji na mchanga kuingia. Pini ambazo kalipa huteleza juu yake zinapaswa kusogea kwa mkono; zikiwa zimekwama, pedi ya upande mmoja huisha mapema kuliko ya pili. Unyevunyevu wa mafuta kuzunguka pistoni au kwenye kiungo cha mpira unamaanisha kwamba breki inavuja. Kasoro kama hizi zikionekana, rangi huwekwa kando na fundi wa breki huitwa kwanza.

Sehemu ambazo hazitakiwi kupata rangi zina uzito kuliko zile zinazopakwa. Vifuko vya mpira na mpira wa breki hufunikwa kwa tepu ya karatasi, kwa sababu rangi ikikauka juu ya mpira hupasuka na kuupasua. Nipeli ya kutolea upepo hufunikwa ili tundu lisizibe na pembe zinazoshikwa na spana zisipotee. Pini za kuteleza na vijia ambavyo masikio ya pedi hukaa na kusogea havipakwi hata tone: nafasi iliyopo hapo ni ndogo sana, na unene wa rangi hutosha kuikwamisha pedi ikabaki inaisugua diski, ikipasha joto na kula mafuta ya gari safari nzima. Katika kalipa za nyuma zenye mkono na springi ya breki ya mkono, viungo vya mkono huo navyo huachwa.

Kosa lisilofahamika na wengi ni kupaka nyuso zinazokutana chini ya vichwa vya bolti, au pale braketi ya kalipa inapokaa juu ya chuma cha gurudumu. Bolti hushikilia kwa mkazo. Tabaka la rangi lililobanwa hapo hulainika kwa joto na kukonda, mkazo ukapungua, na bolti ikaanza kulegea taratibu bila dereva kujua. Nyuso hizo zibaki chuma kitupu na safi. Ndivyo ilivyo pia kwa uso wa habu ambapo rimu hukaa.

Diski hufunikwa yote kwa gazeti au mfuko wa plastiki. Kwa kalipa ambayo haikutolewa garini, brashi ni bora kuliko kopo la kupuliza, kwani ukungu wa rangi hupenya pembe ambazo tepu haikufika. Rangi ikiangukia diski huondolewa kwa dawa ya breki. Ikinywewa na pedi, pedi hiyo haina tena uaminifu na hutupwa.

Hali ya hewa ya pwani inataka subira. Asubuhi na mapema chuma huwa na umande usioonekana, na rangi iliyopakwa juu yake hufifia na kukosa kushika. Saa nne asubuhi, kivulini, baada ya chuma kukauka, ndio wakati mwafaka. Jua kali hukausha ngozi ya juu kabla ya chini. Tabaka la kwanza liwe jembamba hata chuma kionekane kidogo chini yake. Tabaka la pili, na la tatu pakihitajika, hufuata kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Tabaka moja nene huchuruzika na kubaki bichi ndani. Kuhusu rangi yenyewe, nyekundu huvutia mtaani, lakini kijivu cha fedha na nyeusi huficha vumbi la pedi na hukubaliana na gari la rangi yoyote.

Kugusika kwa mkono si kukomaa. Ni busara kuliacha gari kwa saa 24 kabla ya kuliendesha, isipokuwa kopo likisema vinginevyo. Tepu hutolewa kabla rangi haijawa ngumu kabisa ili kingo zisibanduke nayo. Kalipa iliyofunguliwa hurudishwa, pini zake zikapakwa grisi maalumu ya breki, na bolti zikakazwa kwa kipimo kilichotajwa kwenye kitabu cha gari husika. Nati za magurudumu hukazwa kwa mtindo wa msalaba. Kwa magari madogo mengi ya Toyota kipimo chake ni Nm 103, na hukaguliwa tena baada ya kilomita 100 hivi.

Kabla ya gari kusogea, pedeli hukanyagwa mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Kama pistoni ilirudishwa ndani, mkanyago wa kwanza huzama hadi chini bila breki kushika, na ajali za namna hii hutokea papo hapo uani. Kisha breki hujaribiwa kwa mwendo wa taratibu mahali pasipo na watu. Siku za kwanza harufu kidogo ya rangi ni ya kawaida. Moshi, au gurudumu moja kuwa la moto kuliko mengine, ni dalili kwamba kitu kimekwama na lazima kikaguliwe.

Utunzaji wa baadaye ni wa maji na sabuni. Dawa kali za asidi za kung'arishia rimu hula rangi na chuma pia. Tone la mafuta ya breki likidondoka juu ya kalipa siku ya kubadili mafuta, huoshwa hapo hapo kwa maji mengi, kwa kuwa mafuta ya DOT 3 na DOT 4 huchanganyika na maji. Kulifuta kwa kitambaa kikavu hulisambaza tu.