Mabamba ya saruji na kioo: Swali la kumwuliza muuzaji
MWENYE ghala la mahindi Kachibora anayetaka kulivika kuta kwa mabamba ya saruji iliyotiwa nyuzi za kioo hana budi kuuliza: nyuzi hizo ni za kioo gani?

Mabamba hayo, yenye unene wa milimita 10 hadi 15 hivi, hayaungui wala hayashiki kutu. Lakini saruji ina alkali inayokula kioo cha kawaida. Penye unyevu, na nyanda za Cherang'ani hazikosi mvua, bamba hupoteza nguvu polepole hata likapasuka.

Uingereza ilipata dawa mwishoni mwa miaka ya 1960: kioo chenye zirkonia, takriban asilimia 16. Madini yake, zirkoni, yalichimbwa Kwale hadi Desemba 2024, yakasafirishwa ng'ambo. Muuzaji aonyeshe cheti cha kioo hicho kabla ya kutaja bei.