Mparachichi ukizaa mwaka huu na kugoma mwakani, wateja wanahama

Wauzaji wenzangu wa Njombe na Makambako, wengi wetu tunaouza parachichi mtandaoni hatuna shamba. Tuna miti mitatu minne ya Hass nyuma ya nyumba, simu, na basi la kwenda Dar. Mwaka mmoja mti unabeba mpaka matawi yanawekewa nguzo, unaposti picha, oda zinamiminika. Mwaka unaofuata unapata ndoo mbili. Mteja anauliza "zipo?" mara ya kwanza, mara ya pili, ya tatu kashapata mtu mwingine.

Kabla hujalaumu mbolea, angalia mambo haya manne.

1. Vuna kwa wakati. Hili ndilo kubwa. Parachichi halilainiki likiwa mtini, kwa hiyo tunaufanya mti kuwa stoo tukisubiri bei ipande. Stoo hiyo si ya bure. Tunda likibaki wakati maua mapya yanachanua, linakula nguvu ambayo ingelea hayo maua, na deni unalilipa mwakani. Kujua kama yamekomaa, chuma mawili matatu makubwa uweke ndani. Yakilainika ndani ya siku saba hadi kumi bila kusinyaa, vuna. Yakisinyaa na kuwa kama mpira, bado. Kata kwa mkasi, acha kikonyo kidogo.

2. Linda nyuki. Ua la parachichi hufunguka mara mbili. La Hass asubuhi ni jike, kesho yake mchana ni dume. Fuerte ni kinyume: mchana jike, kesho yake asubuhi dume. Ukiwa na Fuerte mmoja karibu, hata kama ni wa jirani, nyuki wanapata chavua ya kupeleka kwenye Hass wako. Basi usipige dawa ya wadudu maua yakiwa wazi. Na usishtuke maua yakipukutika: katika maua mia, hata moja linaweza lisishike.

3. Heshimu mizizi. Mingi iko juu juu, kwenye sentimita 30 za kwanza. Ukilima kwa jembe chini ya mti unaikata. Weka samadi iliyooza vizuri, funika na matandazo ya nyasi, ila yasiguse shina. Kiangazi mwagilia, lakini maji yasituame maana mizizi itaoza.

4. Pogoa kidogo, punguza matunda. Ukimaliza kuvuna, toa matawi makavu na yanayobanana ili mwanga uingie. Ukikata sana utapata majani tu. Na ule mwaka mti umebeba kupita kiasi, toa baadhi ya matunda yakiwa bado madogo. Inauma, najua. Lakini yanayobaki yatanenepa, na mti hautachoka.

Ratiba usimwige mtu. Njombe mjini ni juu na baridi yake ya Juni na Julai inaunguza machipukizi, Makambako iko chini kidogo. Mwenzako akivuna leo, wewe angalia mti wako.

Ukitaka kuongeza mti, nunua mche wa kubebesha. Hass zote duniani zinatokana na mti mmoja wa Rudolph Hass, mtu wa posta wa California, aliyeupatia hataza mwaka 1935. Mbegu ya tunda uliyoipanda nyumbani haitakupa Hass ileile.

Sasa upande wa biashara. Matunda yakifika ukubwa wa yai la kuku, yahesabu mti kwa mti, andika kwenye daftari. Pokea oda za robo tatu tu ya ulichohesabu, maana mengine yatadondoka. Robo inayobaki itauzika tu. Mteja aliyeambiwa mapema "mwaka huu nina boksi nne tu" anakuvumilia. Uliyemwahidi kumi ukampa mbili harudi.

Mti wako unaruka mwaka? Tuambie hapo chini upo mtaa gani na huwa unavuna mwezi gani.