Waya mwembamba uliotaka kuniunguzia gari mlimani Mabanda

Msomaji mwenzangu, ikiwa nawe ulirudi nyumbani kutoka kambi za Kasulu au Kibondo na sasa unahangaika na mizigo kati ya Nyanza-Lac na Kigoma, hujasahau foleni za petroli za mwaka 2023. Tulilala vituoni ndani ya magari, wengine na watoto mgongoni, na asubuhi tukaambiwa pampu imekauka. Mimi nilirudi Burundi mwaka 2008 na pikapu hii ndiyo shamba langu. Isipotembea, hakuna chakula nyumbani.

Ni katika dhiki hiyo kijana mmoja mjini aliponiuzia mashine ya kutoa haidrojeni kwenye maji. Ilikuwa kopo la plastiki nene lenye vibati saba vya chuma kisichoshika kutu, ndani yake maji yenye potasi kali, ile inayobabua ngozi. Umeme wa betri ukipita kwenye vibati, maji yanaachana na kuwa gesi, nayo inaingia kwenye njia ya hewa ya injini. Aliniahidi nusu ya mafuta nitaokoa. Akaniunganishia kwa waya uliobaki alipojenga nyumba yake, ule wa taa, wa milimita moja na nusu za mraba.

Siku ya tatu nilikuwa nimetoka Kigoma kupakia dagaa, hao tunaowaita ndagala, mali ya akina mama watatu waliokaa juu ya magunia. Mimi nilikuwa na mzigo mwingine wa kushusha Nyanza-Lac, na kurudi nikapanda ule mlima wa kwenda Mabanda. Katikati ya mlima nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Mama mmoja akagonga paa la kibanda: "Dereva, moshi!" Nikasimama, nikafungua boneti. Waya umekuwa mwekundu, ngozi yake inadondoka juu ya mpira wa petroli. Nilichukua spana namba 10 nikaachia kichwa cha betri huku mikono inatetemeka. Kama ningechelewa kwa dakika chache, sijui ningewaambia nini akina mama wale kuhusu dagaa wao, tena hapo ni kama wao wenyewe wangekuwa salama.

Nilivutwa hadi Bujumbura, nikaenda Buyenzi kwa mzee mmoja fundi umeme wa magari. Aliutazama ule waya, akacheka kwa masikitiko. "Mwanangu, nani kakudanganya kwamba waya ni waya?"

Alinichorea hesabu kwenye boksi la vipuri. Mashine yangu ilivuta ampea 20. Kutoka betri hadi kwenye kopo ni mita 3, na umeme lazima urudi, kwa hiyo unahesabu mita 6. Kwa waya wa milimita 1.5, njiani unapoteza karibu volti 1.4, na joto la wati 28 linabaki ndani ya waya. Ukitumia wa milimita 6, unapoteza volti 0.35 tu na joto linashuka hadi wati 7. Ubaya ni kwamba joto haliongezeki sawa na ampea. Ampea 20 zikiwa 30, zile wati 28 zinakuwa 63. Na ndivyo ilivyotokea mlimani, kwa sababu maji yenye potasi yakipata moto hupitisha umeme zaidi, umeme ukizidi nayo yanazidi kuchemka. Mzee akasema asubuhi mashine hii inakudanganya, ipime ampea baada ya saa nzima ya safari, ndipo uchague waya.

Isitoshe, ngozi ya waya wa kawaida wa nyumba imetengenezwa kuvumilia nyuzi joto 70. Chini ya boneti, karibu na bomba la moshi, hizo zinapatikana hata kabla hujawasha kitu. Tena ule wenye uzi mmoja mgumu hukatika kwa mtikisiko wa barabara zetu. Gari linataka waya wa nyuzi nyingi nyembamba, laini, wenye ngozi ya kuhimili joto.

Kwa wenzangu mnaonunua nyaya mpakani, hapa fungueni macho. Kuna waya mnene, mzuri, wa bei nafuu, ambao ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Ukwaruze kwa kisu. Ukiona weupe ndani, mwachie mwenyewe, kwani hupitisha umeme kidogo kuliko shaba ya unene ule ule. Shika roli mkononi pia, shaba ni nzito. Na zile zenye vipimo vya Kimarekani zinawachanganya wengi, maana namba ikikua waya unapungua: namba 10 ni kama milimita 5.3 za mraba, namba 14 ni kama 2.1. Nimemwona mtu akilipia namba 14 kwa furaha akidhani ndiyo mnene.

Mzee alinifungia shaba ya milimita 6, kwenda na kurudi, bila kutegemea bodi ya gari. Fyuzi ya ampea 30 akaiweka shubiri moja tu kutoka kwenye betri, kwa maelezo kwamba kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Akaongeza rilei inayoshtuliwa na presha ya oili, ili injini ikizimika gesi nayo ikome. Haidrojeni huwaka ikiwa asilimia 4 tu ya hewa, si kitu cha kuacha kijikusanye chini ya boneti umeegesha sokoni.

Waya haukupata moto tena. Lakini mafuta? Kwa wiki tatu nilijaza dumu lile lile kwa safari ile ile, na sikuona tofauti. Nikamrudia mzee, akachukua tena boksi. Ampea 20 kwenye vyumba sita vya kopo hutoa kama lita moja na robo ya gesi kwa dakika. Injini ya lita 2 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika inaweza kuvuta hadi lita 2,000 za hewa. Na umeme wenyewe unatoka kwenye alteneta, inayozungushwa na mkanda wa injini, inayokula petroli ile ile. Kila hatua kitu kinapotea njiani.

"Kumbe ulijua tangu mwanzo?" nikamuuliza.

"Ulikuja kuuliza waya, baba."

Siku hizo hizo nilisoma habari za Stanley Meyer, Mmarekani aliyejitangazia gari linalokwenda kwa maji. Mwaka 1996 mahakama ya Ohio iliona ni ulaghai mkubwa, ikamwamuru awarudishie wawekezaji wake dola 25,000. Aliyeniuzia mimi hajarudisha hata faranga moja.

Kopo nimeling'oa, nimelimwaga mbali na kisima. Waya wa milimita 6 na fyuzi yake nimeviacha. Sasa vinapeleka umeme kwenye inveta nyuma ya kiti, na akina mama wa dagaa wanachaji simu zao bure hadi Kigoma.