PUMZI HUANZIA JIKONI

Wahenga walinena kuwa mazoea ni kama sheria. Mpenzi msomaji, mazoea ninayotaka kuyazungumzia hapa ni yale ya mezani, na jinsi yanavyompa mtu mzima pumzi au kumnyima.

Wengi wetu hudhani ati pumzi huja kwa mazoezi peke yake. Mtu akitweta kwa kupanda ngazi za ghorofa mbili tu, tunamwambia, "Mzee, anza kukimbia!" Ushauri huo ni mwema, lakini ni nusu ya maneno.

Wacha nieleze. Oksijeni huingia mapafuni, damu huibeba, moyo huisukuma damu hiyo, kisha misuli huitumia oksijeni kuchoma chakula ili tupate nguvu. Wataalamu hupima pumzi kwa kumpandisha mtu baiskeli ya mazoezi, akaikanyaga mpaka achoke tiki, huku wakihesabu oksijeni anayotumia.

Sasa chakula kinaingia wapi? Kwanza, katika damu. Seli nyekundu zinazobeba oksijeni haziundiki vizuri bila madini ya chuma. Madini haya yamo katika maini, nyama, maharagwe na mboga za kienyeji. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kuyafyonza, chungwa husaidia. Pili, katika mishipa. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu, nayo mafuta yanayoganda huchangia kuziba mishipa. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kasoro kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Tatu, kitambi. Mwili mzito humfanya mtu atwete upesi, kwani kila hatua ni kubeba mzigo.

Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya watu 2,380, wenye umri wa wastani wa miaka 54, kutoka utafiti wa moyo wa Framingham ulioanza mwaka 1948. Waliokula mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa, kunde na samaki kwa wingi walikuwa na pumzi zaidi, hata baada ya mazoezi, uzani na sigara kutiwa katika hesabu. Tofauti yenyewe ilikadiriwa kuwa sawa na kutembea hatua 4,000 zaidi kila siku. Kweli, utafiti wa namna hii hauthibitishi kuwa chakula pekee ndicho chanzo, lakini dalili hiyo si ya kupuuzwa.

Hapa kwetu, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa wanariadha hodari wa mbio ndefu walipata zaidi ya robo tatu ya nguvu zao kutokana na wanga. Sahani zao zilikuwa na ugali, mboga, maharagwe na maziwa. Hakuna cha ajabu! Ila tahadhari: wao hukimbia kilomita nyingi kila wiki. Karani anayeketi kutwa nzima akijijengea mlima uleule wa ugali, atavuna kitambi badala ya medali.

Jambo linalonisikitisha ni hili. Mtu akishaajiriwa, huona githeri na sukuma wiki ni chakula cha dhiki. Mshahara ukiingia, ni chipsi, soda na nyama choma yenye chumvi tele. Miaka ikipita, pesa anazo lakini pumzi hana, na tiba ya moyo ni ghali.

Walimu wetu wapendwa, tunawahitaji kwa miaka mingi. Basi ongezeni matunda na mboga mezani. Nanyi wanafunzi wenzangu mnaoinung'unikia githeri ya bwalo, jueni kuwa mazoea ya leo ndiyo mtakayozeeka nayo. Samaki mkunje angali mbichi.