Kidole Kimoja Hakivunji Chawa: Siri ya Utando wa Kijani Ziwani

Ndugu msomaji, ukisimama ufuoni mwa Ghuba ya Winam, kule Kisumu, siku ya jua kali isiyo na upepo, huenda ukaona maji yamegeuka kana kwamba mtu amemwaga mkebe wa rangi ya kijani. Wengine husema ati ni uchafu tu. Kumbe ni viumbe hai, tena mamilioni kwa mamilioni, walioshikana! Hebu tuulize: kwa nini washikane? Na sisi yatuhusu nini?

Kiumbe mmoja maarufu katika utando huo huitwa Microcystis. Watu humwita mwani, lakini hasa ni bakteria mwenye klorofili, anayejipikia chakula kwa mwanga wa jua kama ufanyavyo mhindi shambani. Ukigawanya milimita moja mara 1,000, seli yake ni kama sehemu tano tu za hizo. Bila hadubini huioni. Lakini seli hizo hutoa ute, na zikigawanyika hazitengani. Hubaki ndani ya ute huo kama mbegu ndani ya tunda la pasheni. Bonge moja laweza kuwa na maelfu ya seli, hata likaonekana kwa macho.

Faida ya umoja huo ni nini? Kwanza, vijidudu vya majini vinavyokula seli moja moja hushindwa kulimeza bonge zima. Pili, kila seli ina vijifuko vya hewa, na bonge kubwa huelea upesi kuliko seli iliyo peke yake. Basi hufika kwenye mwanga kabla ya wenzake. Mchana seli zikijaa wanga huwa nzito, zikazama. Usiku wanga ukitumika, huibuka tena. Ndiyo sababu mvuvi aweza kuukuta utando asubuhi pale ambapo jana jioni hapakuwa na kitu.

Ajabu ni kwamba akifugwa muda mrefu ndani ya chupa za maabara, Microcystis mara nyingi huacha kushikana, kila seli ikaishi kivyake.

Sasa tuje kwenye hatari. Mvua huleta ziwani mbolea ya mashamba, nayo miji huleta majitaka. Humo mna nitrojeni na fosforasi, chakula kitamu kwa viumbe hawa. Wakizidi, baadhi yao hutoa sumu iitwayo microcystini, ambayo huharibu ini. Mwaka 1996, mjini Caruaru, Brazil, wagonjwa wa figo zaidi ya 50 walifariki baada ya damu yao kusafishwa kwa mashine zilizotumia maji yenye sumu hiyo. Na kuchemsha hakusaidii! Moto huzipasua seli, sumu ikatoka, ikabaki sufuriani. Mama aliyechota maji kwenye utando akayachemsha vizuri, bado hajasalimika.

Hata hivyo, kushikana huko huko kwaweza kuwa dawa. Seli hizi zina chaji hasi, kwa hivyo husukumana. Katika mitambo ya maji safi, mafundi hutia shabu yenye chaji chanya. Seli huacha kusukumana, zikashikana kwa mabonge mazito yanayozama, nazo huondolewa nzima nzima pamoja na sumu iliyomo ndani. Sumu iliyokwisha kuyeyuka majini huhitaji mkaa maalum wa kuinasa. Hata unga wa mbegu za mlonge huweza kukusanya uchafu namna hiyo.

Katika kusafisha majitaka pia, wanasayansi hukuza mwani na bakteria pamoja mpaka wawe punje. Mwani hutoa oksijeni, bakteria hutoa hewaukaa, kila mmoja akamlisha mwenziwe. Punje zikizama, maji yaliyo juu hukingwa yakiwa safi zaidi.

Basi, wenzangu, ukiuona utando wa kijani, usichote hapo, usioge, wala usinyweshe mifugo. Waambie na nyumbani kuhusu kuchemsha. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Ikiwa vijidudu visivyoonekana vimelielewa hilo, sisi twashindwaje kushikana kulinda ziwa letu?