CD za nyumbani: kopia mapema, andika majina

Mu nyumba nyingi za Likasi kungali CD za rumba, za kwaya, za ndoa. Lakini ordinatere mpya nyingi haziko tena na pahali pa kuziingiza. Inaomba chombo cha pembeni cha kusoma CD, cha kuchomeka ku USB.

Anza na zile zilizochomwa nyumbani ao ku studio ya kartie. Za kiwanda zinavumilia. Hizi ziko na rangi ndani inayoharibiwa na jua na joto. Exact Audio Copy, programu ya bure, inaonyesha pahali iliposhindwa kusoma. Weka muziki mu FLAC, karibu MB 300 mpaka 400 kwa CD moja. MP3 inatosha kwa simu, lakini sauti iliyopunguzwa mule hairudi tena.

Kazi kubwa ni majina. Programu inayatafuta ku intaneti, na kwaya ya parokia mara nyingi haiko kule: unabaki na «Piste 01» mara mia. Hata wakubwa wanachanganywa. Mpiga gitaa ambaye Hugh Tracey alimrekodi hapa hapa mwaka 1952, mji ukiitwa Jadotville, anaandikwa Jean Bosco Mwenda, pengine Mwenda wa Bayeke. Ordinatere itaona watu wawili. Chagua jina moja, lingine uliandike pembeni. Kwa CD ya ndoa, uliza wazee nani anaimba, wangali wanakumbuka.

Umeme ukikatika katikati, futa faili ya nusu na uanze CD ile upya. Kisha weka kopi ya pili ku nyumba ingine.